Milioni 2 za kompyuta ya kurushia ndege: soma namba, usisome "i7"

Swali: Shikamoo mtaalamu. Niko Mwanza, nimemaliza kidato cha sita na ndoto yangu ni urubani. Nimefanya uwakala wa pesa za simu na sasa nina akiba ya milioni 2. Nataka kompyuta ya simuleta za ndege, hasa Microsoft Flight Simulator. Duka moja linaniuzia mtumba wa "gaming" wenye Core i7, RAM ya GB 16, SSD ya GB 256, kadi ya GTX 1050 Ti na kasha la taa za rangi, kwa milioni 1.6. Fundi wa pale anasema ukishakuwa na i7 umemaliza. Monita ya 1080p ninayo. Intaneti natumia hotspot ya simu. Niichukue? Na je, saa nitakazorusha nyumbani zitahesabiwa nikienda chuo cha urubani? Nimeambatisha picha ya skrini.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kujibana hadi kufika hapo. Usiichukue.

Picha yako inaonyesha kwamba prosesa ni i7-4770. Dukani wamesoma "i7" wakaishia hapo. Wewe endelea kusoma tarakimu zinazofuata. Hiyo 4 ya mwanzo ni kizazi. Intel waliitoa prosesa hiyo mwaka 2013, inatumia RAM za DDR3, na haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubalika rasmi kwa Windows 11. Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025. Sasa ilinganishe na i3-12100F ya mwaka 2022, ambayo fundi wako angeicheka kwa sababu ni "i3". Ina viini vinne (sehemu zinazofanya hesabu) na nyuzi nane (mikondo ya kazi inayopita kwenye viini hivyo), sawasawa na hiyo i7. Lakini kiini chake kimoja kinafanya kazi kwa kasi inayozidi mara moja na nusu ya kiini cha ile ya 2013, na kwenye simuleta za ndege kasi ya kiini kimoja ndiyo inayoamua mambo.

Magemu mengi ya mpira na ya risasi hutwisha mzigo mkubwa kadi ya grafiki, na prosesa ya kawaida inatosha. Simuleta haiko hivyo. Kabla ya kila fremu (picha moja ya skrini) kuchorwa, programu inapaswa kukokotoa hewa inayopita kwenye mabawa, mifumo ya umeme na mafuta ya ndege, skrini za rubani, ndege nyingine zilizo angani, majengo na miti iliyo mbele yako. Sehemu ya kazi hizo hugawiwa viini vingine, lakini kubwa yake hupita kwenye uzi mkuu mmoja, na kadi ya grafiki hukaa ikiusubiri. Daladala ukiliongezea makondakta wanne halikimbii zaidi. Dereva ni yule yule. Ndiyo maana prosesa ya viini sita ya kizazi kipya huishinda ya viini kumi ya zamani iliyotolewa kwenye seva, hata kama bei yake ni ndogo.

Kitu cha pili kinachozisaidia simuleta ni kashe, ile kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe. AMD walipotoa Ryzen 7 5800X3D mwaka 2022 na kashe ya L3 ya MB 96, wapenzi wa simuleta waliigombania kuliko watu wa magemu mengine, kwa sababu data za ndege na ardhi hazihitaji kufuatwa kwenye RAM kila mara. Wewe hutaanza na hiyo, ila ikumbuke, nitairudia.

Kabla hatujaenda dukani, tuzungumzie hiyo hotspot, maana hapo ndipo wengi wanapotupa fedha. Microsoft Flight Simulator, ile ya 2020 na ya 2024, haihifadhi dunia nzima kwenye kompyuta yako. Picha za ardhi, ambazo ni zaidi ya petabaiti 2 (gigabaiti milioni 2), zimekaa kwenye seva za Microsoft na zinashushwa wakati unaruka. Ya 2024 imeitegemea intaneti zaidi: inadai nafasi ya GB 50 tu kwenye diski kwa sababu hata ndege na viwanja vingi vinashushwa pale unapovihitaji. Wenyewe wameandika kiwango cha chini cha Mbps 10 (megabiti kwa sekunde), na wanapendekeza Mbps 50. Kwa bando la simu, gigabaiti kadhaa zinaondoka kwa safari moja ya saa moja au mbili juu ya miji, na mtandao ukizubaa utaona ardhi imekuwa kama tope lililomwagika, majengo hayana umbo. Hakuna kadi ya grafiki inayotibu hilo.

Kama hapo ulipo huna faiba, na hutegemei kuipata karibuni, ushauri wangu ni simuleta nyingine, X-Plane 12. Unaishusha mara moja (tafuta mahali penye intaneti ya kasi, hata ofisini kwa ndugu), na wakati wa kuisakinisha inakuonyesha ramani ya dunia iliyogawanywa miraba. Unachagua miraba ya Afrika Mashariki tu na kuiacha Ulaya na Marekani. Baada ya hapo unaruka bila bando. Uzuri wake haufiki wa Microsoft ukitazama ardhi kutoka juu, hilo sifichi. Kwa mtu anayeutaka urubani wenyewe, X-Plane ina sifa nyingine: hukokotoa nguvu za hewa kwenye kila kipande cha bawa badala ya kusoma majedwali yaliyoandaliwa, na inatumika pia katika vifaa rasmi vya mafunzo. Ina toleo la kujaribu la bure. Hata kabla ya kununua chochote, sakinisha FlightGear, ambayo ni ya bure kabisa na inakubali kwenye kompyuta dhaifu, urushe Cessna 172, kindege kidogo cha injini moja, wiki mbili tatu. Kama utaichoka, utakuwa umeokoa milioni 2.

Sasa vifaa. Bei za Kariakoo si za Mwanza, na za wiki hii si za wiki ijayo, kwa hiyo nitakupa mgawo. Ningetenga kama laki 8 na nusu kwa prosesa, mazabodi na RAM kwa pamoja. Laki 4 na nusu kwa kadi ya grafiki, ikiwa ya mtumba. Laki 2 kwa pawa saplai na kasha. Laki 1 na elfu 30 kwa SSD. Laki moja na nusu kwa joistiki. Laki moja na nusu nyingine kwa UPS. Kinachobaki ni cha kuongezea kwenye bei ya programu yenyewe, usijisahau ukaja kukopa.

Prosesa ninayoipendekeza ni Ryzen 5 5600: viini sita, nyuzi kumi na mbili, kashe ya L3 MB 32, wati 65, na ikiuzwa kwenye boksi lake huja na feni. Angalia sana herufi na namba. Ryzen 5 5500 na 5600G zinafanana nayo kwa jina lakini zina kashe ya MB 16, nusu tu. 5600G ina grafiki ndani yake na inafaa kwa mtu asiye na kadi kabisa. Kwa safari yako siyo. Upande wa Intel, i5-12400F ni chaguo la hadhi hiyo hiyo. Herufi F maana yake haina grafiki ndani, na bila kadi kompyuta haitaonyesha kitu, basi usishtuke.

Kwa nini naegemea AMD hapa? Kwa sababu ya mazabodi. Soketi ya AM4 inayobeba 5600 ndiyo inayobeba 5800X3D niliyoitaja. Miaka miwili ijayo, ukipata 5800X3D au mdogo wake 5700X3D kwa mtumba, unachomoa moja unachomeka nyingine, mazabodi na RAM zinabaki. Chukua ya B550 yenye nafasi nne za RAM ukiweza. Ukipewa B450 iliyokaa stoo muda mrefu, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako na prosesa uliyonunua, kwa kuwa BIOS (programu ya kuwashia iliyo ndani ya mazabodi) ya zamani haitambui mfululizo wa 5000. Kompyuta itazungusha feni tu, skrini nyeusi, na wewe utadhani umeuziwa prosesa mbovu.

RAM ni GB 16, vijiti viwili vya GB 8, DDR4 ya 3200. Nasisitiza viwili: kijiti kimoja cha GB 16 kinafungua njia moja tu ya data, na simuleta inahisi. Mwambie fundi awashe XMP (mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili) kwenye BIOS, la sivyo RAM ya 3200 inaweza kukaa kwenye 2133 au 2400 maisha yake yote. Ningependa uwe na GB 32, ndicho kiwango kinachopendekezwa kwa Microsoft ya 2024, lakini tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda vibaya kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Ndiyo sababu nimekwambia nafasi nne: anza na mbili, bei zikishuka ongeza.

Kupanda huko kwa RAM kumeipa nguvu njia ya pili, ambayo wauzaji wa mitumba hawaitangazi kwa kuwa haina taa: kompyuta ya ofisi. Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre yenye prosesa ya kizazi cha kumi au cha kumi na mbili huja na RAM, SSD, kasha na pawa saplai vikiwa pamoja. Zipo nyingi kutoka Dubai na Uingereza. Mitego yake ni miwili. Kwanza umbo: zile nyembamba hazipokei kadi ndefu wala za kimo kamili, chukua mnara. Pili pawa saplai: nyingi zina plagi za kwao wenyewe, huwezi kubadilisha kwa ya kawaida, na hazina nyaya za kulisha kadi. Kadi yako itabidi iishi kwa wati 75 zinazotoka kwenye sloti. Hapo RTX 3050 ya GB 6 inafaa, inakula wati 70. Sema kwa msisitizo "ya GB 6", kwa sababu ya GB 8 inataka waya. RX 6400 nayo haitaki waya, lakini inatumia njia nne tu za PCIe (njia za data kati ya kadi na mazabodi), na kwenye mashine yenye PCIe 3 inapoteza nguvu nyingi, iache.

Ukijenga kwa Ryzen, kadi yako ni RX 6600 ya GB 8. Inakula wati 132, na AMD wanapendekeza pawa saplai ya wati 450 kwenda juu. Kwa 1080p inatosha X-Plane kwa raha na Microsoft kwa mipangilio ya kati. RTX 3060 ya GB 12 ni bora zaidi kama bei itakuruhusu, kwa sababu simuleta zinapenda kumbukumbu ya kadi: viwanja vya kununua na ndege kubwa zenye picha nzito zikijaza GB 8, fremu zinaanza kukatika katika dakika ile ile unayotaka kutua.

Hiyo GTX 1050 Ti ya dukani siwezi kuisemea bila kuiona, lakini ni mojawapo ya kadi zilizochakachuliwa sana duniani. Watu huchukua chipu za zamani kama GTX 550 Ti, wakabadilisha maandishi ya BIOS yake, Windows ikaisoma kama 1050 Ti. Dawa ni programu ndogo ya bure inayoitwa GPU-Z. Ibebe kwenye flashi, ifungue dukani. Kadi ikiwa ya kughushi, matoleo ya tangu 2018 huandika FAKE mbele ya jina. Kuna pia RX 580 zilizoandikwa 2048SP, ambazo kwa kweli ni RX 570 iliyopewa jina la kaka yake. Si bandia, inafanya kazi, ila usilipie bei ya 580. Kadi yoyote ya mtumba iendeshwe na Unigine Heaven, programu ya kupima kadi, kwa dakika 20 ukiwa umesimama hapo: ukiona vidoti vya rangi, mistari, au feni ikilia kwa kukwaruza, rudisha fedha mfukoni. Anayekwambia "umeme mdogo leo, utaijaribu nyumbani" muage kwa heshima.

SSD: GB 500 au zaidi, NVMe (aina ya kasi), basi. Ya mtumba ipime afya kwa CrystalDiskInfo.

Pawa saplai isiyo na jina inayokuja bure ndani ya kasha, iliyoandikwa wati 500 na ni nyepesi mkononi, ndiyo inayoua mazabodi. Nunua kivyake, ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus, wati 550. Na UPS, kwa sababu hakuna kinachoudhi kama umeme kukatika ukiwa dakika tano kabla ya kutua baada ya saa mbili angani. VA si wati: UPS nyingi za 650VA hubeba chini ya wati 400. Mashine yako na monita vitaingia, lakini usichomeke na televisheni. Mshikilie muuzaji akubali kukubadilishia, kwa sababu baadhi ya UPS za bei ndogo hazielewani na pawa saplai za kisasa, na kompyuta huzimika pale pale UPS inapoingia kazini, yaani kitu ulichonunua kuzuia ndicho kinachotokea.

Kasha lolote lenye matundu mbele na kichujio cha vumbi. Taa za rangi waachie wa Dodoma. Kwako Mwanza wale wadudu wadogo wa ziwani wakitoka watajaa kwenye feni wakifuata mwanga.

Joistiki usiiahirishe. Nawajua watu waliomaliza fedha kwenye kadi wakaishia kurusha kwa kibodi, na wakaacha ndani ya mwezi. Logitech Extreme 3D Pro ni ya bei ya chini, ina mkono mdogo wa nguvu za injini, na unaizungusha kushoto na kulia kuendesha usukani wa mkia, kwa hiyo pedali si lazima. Thrustmaster T.16000M ni ghali kidogo, lakini mhimili wake mkuu unatumia sensa za sumaku zisizosuguana, hivyo haianzi kutetema katikati baada ya mwaka. Kama una kamera yoyote ya USB, programu ya bure ya opentrack inaweza kufuata mwendo wa kichwa chako: ukigeuka kidogo, rubani naye anageuka. Kwa kutafuta njia ya kurukia wakati unazunguka uwanja, hiyo ni faida kuliko kuongeza monita ya pili.

Ukishawasha, usikimbize fremu 60 kwa sekunde. Simuleta si gemu la risasi. Fremu 30 zisizoyumba zinapendeza kuliko zinazopanda 55 na kushuka 22 kila ukigeuza shingo. Zifungie hapo hapo kwenye 30. Kwenye X-Plane jihadhari zisishuke chini ya 20, kwa sababu hapo programu inapunguza mwendo wa saa yake, na safari ya dakika 40 itachukua 50. Ukija kutumia Microsoft, washa hali ya wasanidi (Developer Mode) uone kihesabu fremu: kitakuandikia kama kinachokwamisha ni uzi mkuu au kadi. Kikisema uzi mkuu, punguza umbali wa maelezo ya ardhi, ndege nyingine angani, na kasi ya kujichora upya kwa skrini za rubani. Kikisema kadi, punguza mawingu na vivuli. Wengi hushusha kila kitu kwa hasira, wanabaki na dunia mbaya na fremu zile zile.

Nimalizie na chuo. Hapana, saa za nyumbani hazihesabiwi. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinataka angalau saa 40 za kuruka kwa leseni ya rubani binafsi, au 35 kwa kozi iliyoidhinishwa, na kifaa cha kuiga ndege kinahesabiwa tu kikiwa kimekubaliwa na mamlaka, ambayo kwetu ni TCAA. Hata X-Plane inayotumika kwenye vifaa hivyo imefungwa pamoja na vyombo vilivyokaguliwa, si joistiki ya mezani.

Faida utakayoipata ni nyingine: orodha za ukaguzi zitakaa kichwani, utajua kusoma VOR (mitambo ya redio inayoongoza ndege), utazoea lugha ya redio, na hutababaika mwalimu akisema "downwind", yaani upande wa mzunguko unaoruka sambamba na njia ya kurukia, upepo ukiwa nyuma yako. Hasara ni kwamba wanaotoka kwenye simuleta hukodolea vyombo macho badala ya kutazama nje, na walimu wanahangaika kuwavunja tabia hiyo. Kwa hiyo mwezi wa kwanza achana na ndege za abiria. Chukua Cessna 172, uwanja wa Mwanza (msimbo wake ni HTMW), hali ya hewa safi, upepo sifuri, na uzunguke uwanja ukitua na kupaa. Baada ya wiki moja zima vyombo kwenye skrini, urushe kwa kutazama upeo wa ziwa na kusikiliza injini. Ukiweza kushika futi 1,000 juu ya uwanja hivyo hivyo kwa mzunguko mzima, ongeza upepo wa ubavuni wa noti 8 (knots, kipimo cha mwendo), halafu nenda Bukoba, HTBU.